Tusiwaharakishe Watoto Wetu Kurudi Kucheza



Wapendwa wasomaji, katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumzia malaria, kuhara, lishe ya mama mjamzito na magonjwa mengine yanayobisha hodi nyumbani mwetu kila mara. Safari hii tunaomba tulitazame jambo ambalo wengi hatulihesabu kuwa ugonjwa. Ni kuteguka kifundo cha mguu kwa watoto na vijana wetu wanaocheza kanisani, shuleni na katika ngoma za jadi.

Msimamo wetu tunausema tangu mwanzo. Kifundo kilichoteguka ni jeraha kamili, kama lilivyo jeraha la panga au la moto, ila hili halitoi damu. Mtoto aliyeteguka asirudishwe kucheza mpaka mguu wake upimwe na uonekane umerudia uimara wake. Na wajibu wa kusema "bado, subiri" ni wetu sisi wazazi, walezi na viongozi wa vikundi. Tusimwachie mtoto, kwa sababu mtoto anayependa kucheza hawezi kuusema.

Kucheza ni mali yetu

Tusieleweke vibaya. Hatuandiki kupinga uchezaji. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, ulifungua mlango ili mila njema za kila taifa zipate nafasi katika ibada. Mwaka 1988 Roma iliidhinisha Misale ya Kirumi kwa Majimbo ya Zaire, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na humo mwendo wa kucheza kuizunguka altare una mahali pake. Hapa kwetu Tanzania, pale Bujora karibu na Kisesa, mkoani Mwanza, Padre David Clement, mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, aliwapokea wacheza ngoma wa Kisukuma badala ya kuwafukuza. Sikukuu ya Bulabo, iliyoota mizizi katika sherehe ya Ekaristi Takatifu, ikawa uwanja wa Bagika na Bagalu kushindana mbele ya umati wa watu.

Katika parokia zetu nyingi, watoto wa Utoto Mtakatifu hutangulia maandamano ya mwanzo, huleta vipaji wakicheza, na hushangilia wakati wa Utukufu. Tunafurahi kuwaona. Lakini kitu chenye thamani hutunzwa. Kinanda cha kanisa kikiharibika tunaita fundi. Mguu wa mtoto ukiharibika, mara nyingi tunamwambia "jikaze, sikukuu ni Jumapili".

Kifundo kimeundwaje

Mungu amekiunda kifundo kwa ustadi. Mifupa miwili ya muundi, mmoja mnene na mmoja mwembamba, hushuka na kuukumbatia mfupa mmoja wa unyayo kama koleo linavyoshika kaa. Vile vinundu viwili tunavyovishika upande wa ndani na wa nje, ambavyo wengi huviita macho ya mguu, ndizo ncha za koleo hilo. Mifupa hii haikuachwa hivi hivi. Imefungwa na kano, yaani kamba ngumu zinazounga mfupa kwa mfupa. Watu wengi husema "mishipa imeteguka", lakini mishipa ni ya damu na ya fahamu. Zinazovutika na kuchanika hapa ni kano.

Upande wa ndani kuna kano moja pana na yenye nguvu nyingi. Upande wa nje kuna tatu nyembamba. Ndiyo sababu mguu unapoteleza, mara nyingi unyayo hugeukia ndani na kano za nje ndizo huumia, hasa ile ya mbele.

Tena kuna jambo linalowahusu wachezaji zaidi ya watu wengine. Ule mfupa unaokumbatiwa ni mpana mbele na mwembamba nyuma. Mtu akisimama unyayo mzima chini, sehemu pana huingia katika koleo na mguu hushikwa barabara. Akisimama kwa vidole, sehemu nyembamba ndiyo huingia, na mguu hulegea. Sasa mtazame kijana anayeruka juu katika ngoma. Anaporudi chini, vidole hutangulia. Kwa hiyo anaigusa ardhi wakati ule ule ambao kifundo chake kina uimara mdogo kuliko wakati mwingine wowote. Jiwe dogo, shimo la mvua au marumaru yenye unyevu vinatosha kumaliza kazi. Aliyefungwa njuga nzito miguuni ana mzigo zaidi wa kuudhibiti.

Kano hizi zina kazi nyingine. Ndani yake mna ncha za fahamu zinazoupelekea ubongo habari za jinsi unyayo ulivyokaa, hata gizani, hata mtu asipotazama chini. Mwaka 1965 daktari Mwingereza Freeman na wenzake walionyesha kwamba mtu aliyeteguka hupoteza sehemu ya habari hizo, na kwamba mazoezi ya kusimama kwa mizani husaidia kuzirudisha. Hapo ndipo tunaelewa kwa nini mtoto anasema "mama, mguu hauumi tena, lakini unaniacha". Uvimbe umeisha, maumivu yameisha, ila mguu haujui ulipo. Akiruka, anateguka tena mahali pale pale.

Kwa nini tunasema si jambo dogo

Uvimbe unaweza kwisha kwa wiki moja au mbili. Kano haiponi kwa haraka hiyo. Haipati damu nyingi kama nyama, hivyo hujijenga polepole, kwa wiki 6 na zaidi, na ikiwa imechanika sana, kwa miezi. Katikati ya siku ambayo maumivu yameisha na siku ambayo kano imepona kuna wiki nyingi za hatari. Na hizo ndizo wiki ambazo sisi watu wazima, kwa kuona mtoto anatembea vizuri, tunamrudisha mazoezini.

Aliyeteguka mara moja ana hatari kubwa kuliko mwenzake ya kuteguka tena. Tafiti zimeonyesha kwamba wengi wa walioteguka, katika baadhi ya tafiti hata 4 kati ya 10, hubaki na kifundo kisicho imara kwa muda mrefu. Kifundo kinachoteguka mara kwa mara huweza kusaga gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, na kuleta ugonjwa wa maungio kabla ya uzee. Mtoto huyo kesho ni mkulima anayepanda mlima na jembe begani, ni mama anayebeba ndoo ya maji kwenye njia ya utelezi, ni fundi anayesimama juu ya ngazi. Anauhitaji mguu huo kwa miaka 60 ijayo. Sikukuu ni ya siku moja.

Wapo pia watoto walioumbwa na viungo laini sana. Utawajua: kidole gumba kinagusa mkono upande wa ndani, magoti na viwiko vinapinda kwenda nyuma kupita kawaida. Hao ndio walimu wa uchezaji huwapenda na kuwaweka mstari wa mbele, kwa vile miili yao inapinda kwa uzuri. Lakini kano zao zimelegea kwa maumbile, na maungio yao hutegemea nguvu za misuli kuliko ya wengine. Mtoto wa namna hii ahitaji mazoezi zaidi ya kujenga misuli, asiongezewe mazoezi ya kujikunja.

Yanayofanywa nyumbani na hayafai

La kwanza ni kuuchua mguu kwa nguvu na kuuvuta "ili urudi mahali pake". Katika kuteguka kwa kawaida hakuna kilichotoka mahali pake. Kuna kano iliyochanika, na kuivuta ni kuichana zaidi. Kama mfupa umevunjika, mkono unaovuta waweza kuusogeza. Tunawaheshimu wazee wetu wanaosaidia watu vijijini, na tunajua kwamba mara nyingi wao wako karibu kuliko zahanati. Tunachowaomba ni hiki: siku za mwanzo wasichue, wasivute, na wakiona dalili tutakazozitaja hapa chini wawe wa kwanza kusema "mpelekeni hospitali".

La pili ni kukanda kwa maji ya moto siku ile ile. Joto hufungua mishipa ya damu na kuongeza uvimbe. Liacheni kwa siku 2 au 3 za mwanzo.

La tatu ni kumpa mtoto vidonge vya kutuliza maumivu, au kumchoma sindano, ili aweze kucheza. Maumivu ni mlinzi wa mlango. Ukimpa mlinzi dawa ya usingizi, usishangae mwizi akiingia. Parasetamo kwa kipimo cha umri wake inafaa kumpunguzia mateso akiwa amepumzika. Aspirini asipewe mtoto bila maagizo ya daktari.

La nne ni kinyume cha hayo: kumlaza mtoto wiki tatu bila kuugusisha mguu chini. Misuli hunyauka na kifundo hukakamaa.

Je, mfupa umevunjika?

Hili ndilo swali la kila mzazi, hasa aliye mbali na hospitali yenye eksirei. Mwaka 1992 madaktari wa mji wa Ottawa, Kanada, wakiongozwa na Ian Stiell, walitoa kanuni rahisi ili watu wasipigwe eksirei bila sababu. Imejaribiwa katika nchi nyingi, kwa watu wazima na kwa watoto wa umri wa shule. Wahudumu wa afya ndio waliotungiwa kanuni hiyo, lakini mzazi naye aweza kuielewa.

Mtoto apelekwe kupigwa picha ikiwa kifundo kinauma na limeonekana mojawapo ya haya:

1. Hawezi kukanyaga hatua 4, hata kwa kuchechemea, mara baada ya kuumia na pia anapofikishwa kwa mhudumu.
2. Ukibonyeza kwa kidole mfupa wenyewe kwenye jicho la mguu, la ndani au la nje, nchani au ukingo wa nyuma kwa urefu wa sentimeta 6 kwenda juu, anasikia maumivu makali.
3. Sehemu ya kati ya unyayo inauma, na anasikia maumivu ukibonyeza mfupa ulio ubavuni mwa unyayo, nyuma ya kidole kidogo, au ule ulio upande wa ndani mbele ya kifundo.

Huo mfupa wa nyuma ya kidole kidogo una historia yake na wachezaji. Mwaka 1902 Robert Jones, daktari bingwa wa mifupa wa Liverpool, Uingereza, aliandika jinsi alivyouumia mguu wake mwenyewe akicheza dansi. Alidhani ni kano tu. Eksirei, iliyokuwa imegunduliwa mwaka 1895, ikaonyesha kwamba mfupa huo umevunjika. Mpaka leo mvunjiko wa sehemu hiyo unaitwa kwa jina lake. Ikiwa bingwa wa mifupa alidanganywa na mguu wake mwenyewe, sisi tusijiamini kupita kiasi kwa kutazama uvimbe tu.

Mpelekeni mtoto haraka bila kusubiri kama mguu umepinda, kama kuna jeraha lililofunguka, kama vidole ni vya baridi, vimekufa ganzi au vimebadilika rangi, au kama kifundo kimevimba na kuwa cha moto pamoja na homa bila yeye kuanguka. Kwa mtoto ambaye bado anarefuka kuna sababu ya ziada ya kuangaliwa, maana karibu na ncha za mifupa yake kuna sehemu laini ya kukulia ambayo nayo huumia.

Siku za mwanzo na wiki zinazofuata

Kama hakuna dalili hizo, tiba iko mikononi mwenu. Acheni kucheza siku hiyo hiyo, hata kama Misa haijafika katikati. Mguu uinuliwe juu ya mto, uzungushiwe bandeji ya kuvutika isiyokaza vidole vikafa ganzi. Kitambaa kilichochovywa maji baridi, kwa dakika 15 hivi mara chache kwa siku, hupunguza maumivu. Barafu isiwekwe juu ya ngozi tupu, wala isitumiwe mfululizo. Daktari Mmarekani Gabe Mirkin, ambaye mwaka 1978 ndiye aliyeeneza ushauri wa mapumziko na barafu, baadaye alikiri kwamba vyote viwili vikizidi huchelewesha kupona.

Baada ya siku 2 au 3 mtoto aanze kuuchezesha unyayo juu na chini, kisha aukanyage polepole kwa msaada wa mkongojo kadiri maumivu yanavyoruhusu. Baada ya siku 5 hadi 7 kama hakuna nafuu yoyote, arudi kwa mhudumu.

Kisha yafuate mazoezi, na hapa ndipo familia nyingi huishia njiani. Hayahitaji fedha. Asimame kwa mguu mmoja sekunde 30 akipiga mswaki, asubuhi na jioni. Akiweza, afumbe macho, mtu mzima akiwa karibu. Akiweza tena, asimame juu ya mkeka uliokunjwa. Ainuke kwa vidole na kushuka taratibu mara 15. Achukue kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, aufunge kwenye mguu wa meza, na kuuvuta kwa ubavu wa nje wa unyayo. Dakika 10 kila siku, kwa wiki 6 au zaidi. Anayeweza kumwona mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali zetu za majimbo au za serikali na aende, atamwongoza vizuri zaidi.

Mtoto yuko tayari kurudi anapotembea bila kuchechemea, anaposimama kwa mguu ulioumia muda sawa na ule mzima, na anaporuka kwa mguu huo mmoja mara 10 bila maumivu wala hofu. Kwanza arudi mazoezini bila miruko, kisha na miruko, mwisho ndipo acheze Misani. Kwa miezi ya mwanzo afungiwe bandeji au kifunga kifundo anapocheza.

Tunayoyaomba parokiani

Tunajua yatakayosemwa. Wapo watakaosema kwamba kucheza ni sadaka, na sadaka ina maumivu yake. Sisi tunajibu kwamba sadaka ya kweli hutolewa na mtu kwa hiari yake, akijua anachokitoa. Mtoto wa miaka 9 anayeficha maumivu kwa kuogopa kunyang'anywa nafasi yake ya mbele hatoi sadaka. Tunamtwaa kitu ambacho hajui kama anakitoa. Wengine watasema hakuna muda. Muda ungekuwepo kama mazoezi yasingeanza wiki mbili kabla ya Pasaka, kila siku kwa saa tatu, kwa watoto waliokaa bila kucheza tangu Noeli. Mwili uliolala haushtuliwi hivyo.

Kwa hiyo, kwa heshima yote kwa Baba Paroko, halmashauri za walei na walezi wa vikundi, tunapendekeza mambo matano.

Mosi, mazoezi yawe ya mwaka mzima, mara moja au mbili kwa wiki, yaongezwe polepole sikukuu inapokaribia. Pili, kila mazoezi yaanze kwa dakika 10 za kuamsha mwili na kusimama kwa mguu mmoja. Tatu, uwanja ukaguliwe, mawe yaokotwe, mashimo yafukiwe, na marumaru za kanisani zikaushwe. Watoto wasicheze na soksi tupu juu ya marumaru. Nne, kila kikundi kiwe na mtu mzima mmoja mwenye mamlaka ya kumpumzisha mtoto, na neno lake lisipingwe na mwalimu wa uchezaji wala na mzazi. Tano, mtoto aliyeumia asifukuzwe kikundini. Apewe kengele, kayamba au kikapu cha maua, akae na wenzake, nafasi yake imngoje. Tukifanya hilo la tano, watoto wataacha kuficha maumivu, na mengine yote yatakuwa mepesi.

Jumuiya Ndogondogo nazo zina kazi. Nauli ya kwenda hospitali na gharama ya eksirei ni mzigo kwa mjane au kwa familia maskini. Mtoto aliumia akicheza kwa ajili yetu sote. Si haki mama yake aubebe mzigo huo peke yake.

Katika sura ya 3 ya Matendo ya Mitume tunasoma habari za kiwete aliyekaa kwenye mlango wa hekalu. Luka, ambaye Mtakatifu Paulo anamtaja kuwa tabibu, hakuridhika kusema tu kwamba mtu yule aliponywa. Anataja nyayo na vifundo vya miguu kwamba vilitiwa nguvu. Baada ya hapo ndipo mtu yule aliruka na kuingia hekaluni akimsifu Mungu. Vifundo vilitangulia, miruko ikafuata. Tunawaomba wazazi na viongozi wote washike utaratibu huo huo kwa watoto wetu.